Unakula Hapa au Unaondoka Nao

Bwana Tokunaga Shigenori alistaafu mwezi wa tatu, na mwezi wa tano ulipoingia mkewe, Fusae, alikuwa amekwisha kumchoka. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mlevi, hakuwa na mkono mwepesi, wala kamari hakuijua. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: alikuwa akisoma risiti.

Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa idara katika kiwanda cha mipira ya kuzibia mabomba hapo Kumagaya. Akipita, vijana walisimama. Akikohoa, kuna mtu aliyefunga dirisha. Sasa nyumbani hapakuwa na wa kumheshimu ila paka, na paka mwenyewe alikuwa wa Fusae. Basi cheo kile chote kilichokosa pa kwenda kikahamia kwenye mfuko wa sokoni. Fusae akiingia tu, hata viatu hajavua, mume amekwisha kuchomoa risiti, amevaa miwani, anatafuta vinyota. Penye kinyota, kitu hicho ni chakula na kodi yake ni asilimia nane. Pasipo na kinyota, ni kumi.

"Mama Kasumi," alisema siku moja, "hii mirini haina kinyota."

"Ni mirini halisi, ina kilevi," alijibu Fusae, akiitia chupa ya mvinyo ule wa kupikia kabatini. "Wenye sheria wanasema kilevi si chakula."

"Kuna ile ya kuigiza. Haina kilevi. Hiyo ni nane."

"Ile ina ladha ya dawa ya kikohozi."

"Lakini ni nane."

Juma lililofuata alikwenda kuinunua mwenyewe hiyo ya kuigiza, na samaki wa jioni ile akawa kama aliyepikwa hospitalini. Fusae alikula mpaka mwisho. Akaosha vyombo, akakausha mikono, akaja akaketi mbele ya mumewe, na hapo Tokunaga alipaswa kuogopa, maana mwanamke aliyemwoa tangu ujana hakuwa na desturi ya kuketi kabla ya kufuta jiko.

"Baba Kasumi, gazeti likiletwa mlangoni kila asubuhi kodi yake ni nane. Ukilifuata dukani ni kumi. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Ndivyo."

"Kwa hiyo gazeti lenyewe serikali inalitaka likae nyumbani. Kwako wewe sijaona waliposema hivyo. Kuanzia kesho, saa tatu mpaka saa sita, nyumba hii ni yangu."

"Niende wapi?"

"Si wewe ni mkuu wa idara. Amua."

Ndivyo alivyofika kwenye duka la mikate la Bi Sonobe, nyuma ya stesheni, lenye meza mbili na viti vinne. Kiti cha karibu na dirisha, juu yake tu bomba la hewa ya moto, akakifanya chake. Tuseme ukweli, hakikuwa kiti tu. Mtu ambaye mkewe amemtoa asubuhi anahitaji mahali pa kukaa ambapo hata akionwa na jirani ataonekana amekuja kwa hiari yake. Bustani haifai, wanaokaa bustanini asubuhi wanajulikana. Maktaba imejaa wastaafu wenzake wanaogombania gazeti moja. Kiti kile kikiondoka, Tokunaga hana pengine, na mwenyewe alilijua hilo vizuri.

Sasa duka kama lile lina swali lake. Unachukua sinia na koleo, unachagua mkate, unafika kaunta, na Bi Sonobe anauliza: "Unakula hapa au unaondoka nao?" Si adabu tu hiyo, ni kodi. Ukiondoka na mkate ni chakula, asilimia nane. Ukiketi na mkate uleule, umeingia mkahawani, umejistarehesha, lipa kumi. Mkate haujui kitu. Anayejua ni makalio yako.

Kila asubuhi Tokunaga alilijibu swali hilo kwa sauti ya mtu anayeapa mahakamani. "Ninakula hapa." Mkate wa tikiti, ambao una kila kitu isipokuwa tikiti, yeni mia mbili. Kahawa, mia mbili na hamsini. Kodi ya kumi, jumla mia nne tisini na tano. Angesema anaondoka navyo angelipa mia nne themanini na sita. Kwa yeni tisa, basi, alikuwa amejinunulia haki ya kuwatazama wenzake kutoka juu, na kwa starehe kama hiyo bei hiyo si ghali.

Na mwenzake mkubwa wa kumtazama alikuwa Bi Umezu.

Bi Umezu Chiyono alikuwa mjane wa mtengeneza piano, mwenye goti bovu na kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka. Alinunua mkate mmoja wa maharage matamu, yeni mia moja na themanini. Akiulizwa alijibu, "Ninaondoka nao," analipa mia moja tisini na nne, anapokea mfuko wake, anapiga hatua kuelekea mlangoni. Kisha anasimama. Kisha anageuka, anakuja mpaka meza ya dirishani, anashusha pumzi na kuketi mbele ya Tokunaga kama mtu aliyefika kwake. Anakula nusu. Nusu ya pili anaifunga kwa karatasi na kuitia kwenye mkoba. Maji ya bure anakunywa glasi mbili.

"Umeamkaje, Mkuu wa Idara?" Ndivyo alivyomwita, na Tokunaga hakupata kujua kama ni heshima au ni kejeli, akaamua ni heshima.

"Salama, Bi Umezu. Ulisema unaondoka nao."

"Nilisema."

"Na umekaa."

"Naona macho bado mazima. Haya, niambie yule bosi wako wa kwanza aliyekuwa akilala kwenye mikutano, alifumaniwa au hakufumaniwa?"

Naye Tokunaga angemsimulia. Alisimulia mambo ambayo Fusae hakutaka kuyasikia tena na binti yao Kasumi, aliye Sapporo, hakuwahi kuyataka hata mara ya kwanza. Bi Umezu aliuliza swali, kisha akangoja jibu. Katika juma zima hakuna mwingine aliyemfanyia hivyo. Ungedhani mtu wa namna hiyo angemwachia mwenzake yeni nne. Kwa maana ndizo hizo: mkate wa mia moja na themanini, kwa kumi ni mia moja tisini na nane, kwa nane ni mia moja tisini na nne na nukta zake zinatupwa. Yeni nne. Mtu akiziona zimeanguka njiani hainami, akihofia kiuno.

Tokunaga aliinama. Alipiga hesabu ya mwaka, ikafika yeni elfu moja na ushee. Akaizidisha kwa wajane wote wa nchi. Alipotambua kwamba nusu ya mkate huenda nyumbani kweli, alikesha akiwaza kama si haki Bi Umezu alipe tisa. Mwisho akaenda kaunta.

"Bi Sonobe, samahani kwa kukusumbua. Kuna mteja anasema anaondoka, haondoki."

Bi Sonobe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini aliyeamka kila siku kabla ya majogoo kukanda unga, na uso wake ulikuwa na ule upole wa mtu aliyechoka kiasi cha kutoweza kukasirika. "Niliwauliza watu wa kodi, Bwana Tokunaga. Wanasema kinachoangaliwa ni nia ya mteja wakati wa kulipa. Akibadili nia baadaye, hakuna kinachoongezwa."

"Anabadili nia kila siku?"

"Nia ya mtu ni ya mtu, Bwana."

"Hiyo ni sheria kwa wasio na haya," alisema Tokunaga.

Bi Sonobe aliinama, akaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake, na kesho yake ukaonekana mezani ubao mdogo wa kuwasihi wateja wapendwa wanaokula hapa waseme kwamba wanakula hapa. Tokunaga alijiona ameshinda. Kila aliyeketi sasa alimtazama, akautazama ubao, akamtazama tena. Msichana mmoja wa benki aliacha kuja. Bi Umezu yeye aliuweka mkoba wake juu ya ubao, akaendelea kula.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, siku ya mvua.

Asubuhi ile Fusae alimwagiza kitu kwa mara ya kwanza tangu amtoe nyumbani. "Ukipita kwa Bi Sonobe niletee mkate wa viazi vitamu." Maneno machache tu, lakini Tokunaga aliyabeba njia nzima kama barua ya kupandishwa cheo. Kaunta akatangaza kwa usahihi: mkate wa tikiti na kahawa anakula hapa, kumi, mkate wa viazi, yeni mia mbili na arobaini, anaondoka nao, nane. Jumla mia saba hamsini na nne. Akaketi. Mkate wake akaumaliza. Mvua ikakaza, kutoka haiwezekani, na Bi Umezu siku hiyo alikuwa na hadithi tamu ya padri mmoja aliyemlalamikia marehemu mumewe kwamba piano ya kanisa inaimba peke yake. Tokunaga alicheka. Mkono, bila kutumwa, ukaingia kwenye mfuko wa pembeni, ukamega, ukapeleka kinywani. Ukamega tena.

"Mkuu wa Idara," alisema Bi Umezu taratibu. "Huo ulisema unaula wapi?"

Tokunaga aliacha kutafuna. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na huyu alikuwa amelikalia muda mrefu sana. Mkate wa Fusae ulikuwa umebaki nusu. Tarishi aliyekuwa meza ya pili akajifanya anakohoa, na mama mmoja mwenye mtoto akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Kula tu," Bi Umezu aliendelea. "Mimi sitasema kwa mtu. Sina cheo cha kusemea."

Ingekuwa mimi au wewe tungecheka, tukamalizia mkate, tukanunua mwingine. Tokunaga alisimama. Masikio yalikuwa mekundu. Akafunga kifungo cha koti, akaenda kaunta, akaweka juu yake sarafu ya yeni tano, ile yenye tundu ambayo watu huitupa hekaluni kuombea wapatane na wenzao.

"Mkate wa viazi nimeulia hapa. Mia mbili hamsini na tisa nimelipa, inapaswa kuwa mia mbili sitini na nne. Tofauti ni hiyo."

Ilikuwa saa ya mikate ya mchuzi wa bizari kutoka jikoni, na nusu ya mtaa huja kwa ajili hiyo. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Bi Sonobe aliitazama sarafu.

"Bwana Tokunaga, tafadhali, hazihitajiki. Ulipolipa nia yako ilikuwa kuondoka nao."

"Nia imebadilika."

"Basi zichukue, ni zawadi ya duka."

"Kodi haitolewi zawadi."

Tatizo ni kwamba mashine ya risiti haipokei yeni tano zisizo na mwenyewe. Kila kiingiacho lazima kiwe bei ya kitu. Ili kuzipokea ilibidi risiti nzima ifutwe, fedha zote mia saba hamsini na nne zirudishwe mkononi mwa Tokunaga, kisha mkate, kahawa na mkate vipigwe upya, mia saba hamsini na tisa. Kufuta kunataka ufunguo, na ufunguo ulikuwa jikoni ndani ya aproni nyingine. Ukaja. Mashine ikalia. Karatasi ikaisha katikati. Foleni ikatoka nje ya mlango, ikafungua miavuli. Mwanamume mmoja alitazama saa, akaliweka sinia lake chini na kwenda zake, na mikate minne aliyoigusa kwa koleo haikuweza kurudi rafuni, ikaenda pipani. Tokunaga alisimama wima kama nguzo wakati wote huo, sarafu zake mkononi, akijiona mtu wa mwisho mwaminifu katika wilaya nzima.

Hakuna aliyemwambia kitu. Katika mji ule watu hawafoki, na foleni ikinyamaza namna ile, mwenye akili hujua ametukanwa. Yeye alipokea risiti mpya, akaisoma, akainama na kutoka.

Fusae alifungua mfuko akakuta nusu mkate. "Nusu ya pili iko wapi?"

"Nimeilipia," alisema Tokunaga, akampa risiti.

Fusae aliiweka risiti kando. Kisha nusu ile akampa paka, na paka akainusa na kwenda zake.

Duka lilifungwa Jumapili na Jumatatu. Jumanne Tokunaga alifika saa tatu na dakika zake, akasukuma mlango na kusimama. Palipokuwa na meza palikuwa na rafu ya jamu. Viti havikuwapo. Chini ya bomba la hewa ya moto, mahali pake, palisimama kikapu cha mikate mirefu, kikiota moto.

Bi Sonobe alitoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo si kawaida yake, akamwinamia mpaka chini kabisa.

"Bwana Tokunaga, tunakushukuru sana kwa mawaidha yako ya muda mrefu. Tumeona akili zetu ni ndogo, hatuwezi kutofautisha nane na kumi sawasawa. Tungeendelea kukuudhi. Basi kuanzia leo kila mtu anaondoka na mkate wake, na kila kitu ni nane. Hutasumbuka tena."

Hapo ndipo alipoelewa. Alichapwa mbele ya watu, tena kwa maneno matamu yasiyoacha alama, na kwa kuwa ameinamiwa ilimbidi ainame naye.

"Viti," alisema akiwa bado chini. "Viti vimekwenda wapi?"

"Kinyozi alikuwa anavihitaji."

Alinunua mkate wa tikiti kwa sababu kutoka mikono mitupu kungekuwa aibu ya pili. Hakuulizwa swali. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa kujibu, akakifunga. Mia mbili kumi na sita. Akipita kwa kinyozi alikiona kiti chake dirishani, kimebebeshwa majarida ya mwaka jana.

Hakubaki na pa kwenda ila bustani. Upepo wa milimani ulikuwa umeanza, ule wa Kumagaya unaoingia kwenye mikono ya koti na kukutafuta mbavu. Alichagua benchi lililojificha nyuma ya mti wa msonobari ili majirani wasimwone, akaweka mfuko magotini, akangoja asijue anangoja nini. Kisha akaiona kofia ya sufu inakuja njiani, inachechemea, na moyo wake ukaruka kwa furaha mpaka akaona haya. Akasogea upande. Akapangusa benchi kwa leso.

"Bi Umezu. Keti. Hapa ni bustani ya mji, si benchi la duka. Hata kisheria ni nane."

Bi Umezu alisimama, mfuko mdogo mkononi. "Nakwenda nyumbani, Mkuu wa Idara."

"Leo unakwenda kweli?"

"Kila siku nilikuwa nakwenda kweli." Alisema bila ukali, akihamisha uzito kwenye goti zima. "Mkate ni mmoja, nusu yangu, nusu namwekea marehemu mbele ya picha yake, tunakula pamoja. Ndivyo ninavyonuia ninapolipa. Kisha nafika mlangoni, nageuka, nakuona umekaa pale dirishani na miwani yako, mtu mzima hana wa kuzungumza naye ila risiti. Nabadili nia."

Tokunaga alikunja leso, akaikunjua.

"Ungeniambia."

"Ningekwambia ungenidai kumi."

Hilo lilikuwa kweli. Upepo ulipita. Akasema, kwa sauti ambayo watu wa kiwandani hawakuwahi kuisikia, "Basi badili na leo."

Bi Umezu alilitazama benchi, akamtazama yeye, akafikiri. Alionekana anafikiri kwa kweli.

"Hapa kuna baridi," alisema. "Na goti hili. Kule kulikuwa na joto." Akaurekebisha mkoba begani. "Marehemu naye amelalamika miezi yote hii anakula peke yake. Kaa salama, Bwana Tokunaga."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Tokunaga alimwangalia mpaka kofia ilipopinda kona ya ofisi ya posta.

Kisha akatazama saa. Ilikuwa bado kabla ya saa nne, na nyumba bado ilikuwa ya Fusae. Akautoa mkate, akaumega, akala, umepoa na haukuwa na ladha. Kwa mazoea mkono ukaingia mfukoni ukatoka na risiti. Akavaa miwani. Mkate wa tikiti, mmoja, kinyota pembeni, asilimia nane, mia mbili kumi na sita. Aliisoma tangu juu mpaka chini, kisha akairudia polepole, akitafuta kosa, na kosa halikuwamo.